Sura ya Nne: Nyumba ya Montmorency

Kilomita kama 15 kaskazini mwa Paris kuna kilima chenye mji mdogo uitwao Montmorency. Zamani mji huu ulisifika kwa cheri zake chachu. Historia inaukumbuka zaidi kwa sababu ya ukoo uliobeba jina lake kwa takriban miaka 900, ukoo uliowapa wafalme wa Ufaransa majemadari, magavana, maaskofu na waasi. Wenyewe walijiita mabaroni wa kwanza wa Ukristo. Hekaya yao ilidai kwamba babu yao alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa katika nchi ile, hivyo utukufu wao ulitangulia hata koo za wafalme waliowatumikia.

Hakuna mwanahistoria anayeishika hekaya hiyo leo, lakini inatufunulia jinsi watu hawa walivyojitazama. Kwao heshima ilikuwa kitu cha damu, kilichorithiwa, ambacho hakuna mtawala aliyewapa na kwa hiyo hakuna mtawala aliyeweza kuwanyang'anya. Wafalme hawakukubali. Kwa karne baada ya karne walijibu kwamba heshima yote hutoka kwenye kiti cha enzi. Mvutano huo ndio uti wa mgongo wa sura hii.

Kilima na abasia

Mzee wa kwanza tunayemwona wazi katika hati ni Bouchard, aliyepewa lakabu ya Mwenye Ndevu. Aliishi zama za mfalme Robert wa Pili, kuelekea mwaka 1000. Alioa mjane, na kwa ndoa hiyo akapata ngome katika kisiwa cha mto Seine, jirani kabisa na abasia ya Saint-Denis, walikozikwa wafalme. Wamonaki wa abasia hiyo walikuwa na ardhi nyingi na marafiki wakubwa. Bouchard akawa jirani msumbufu, akiingilia mali zao, hadi abati akapeleka malalamiko kwa mfalme. Robert akaamua kwamba ngome ya kisiwani ibomolewe, na Bouchard aruhusiwe kujenga nyingine mbali kidogo, kwenye kilima cha Montmorency.

Basi jina ambalo wazao wake walilitamka kwa fahari lilianza kwa hukumu ya mfalme katika kesi ya ujirani mbaya.

Kizazi cha mwaka 1101 hakikuwa kimejifunza. Bouchard wa Nne naye aligombana na abasia ileile. Akaitwa mbele ya baraza la mfalme huko Poissy, akashindwa kesi, akakataa kutii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanamfalme Louis, ambaye baadaye alitawala kama Louis wa Sita, alikuja na askari, akachoma mashamba na kuizingira ngome mpaka baroni akasalimu amri. Habari hizi tumeachiwa na Suger, aliyekuwa abati wa Saint-Denis na mshauri wa wafalme, katika kitabu chake juu ya maisha ya Louis.

Wazao wakatambua kwamba mlango wa mfalme unalipa zaidi kuliko kumpiga vita. Mathieu wa Kwanza akapanda hadi kuwa connétable, yaani Amiri Mkuu wa majeshi ya ufalme. Mke wake wa kwanza alikuwa binti wa nje wa Henry wa Kwanza wa Uingereza. Alipofiwa, alimwoa Adélaïde wa Savoy, mjane wa yuleyule Louis wa Sita aliyewahi kuichoma nchi ya akina Montmorency. Kwa ndoa hiyo Mathieu akawa baba wa kambo wa mfalme aliyekuwa madarakani, Louis wa Saba. Uadui wa mwaka 1101 ukageuka ukwe ndani ya miaka arobaini tu.

Tai kumi na sita

Tarehe 27 Julai 1214, katika uwanda wa Bouvines, mfalme Philippe Auguste alilishinda jeshi la mfalme wa Wajerumani, Otto wa Nne, pamoja na washirika wake. Mathieu wa Pili wa Montmorency alikuwepo. Simulizi ya ukoo inasema alinyakua bendera kumi na mbili za adui. Nembo ya nyumba ilikuwa msalaba mwekundu kwenye uwanja wa dhahabu, pamoja na tai wanne wadogo wa buluu. Inasemekana mfalme alimruhusu aongeze tai kumi na mbili, mmoja kwa kila bendera, na tangu hapo wakawa kumi na sita.

Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, inafaa kuifikiria. Nembo ilikuwa alama ya ndani kabisa ya familia. Ilichongwa juu ya milango, ilichorwa kwenye ngao, ilipigwa katika mihuri ya hati na ilifunika makaburi. Kumbe hata ndani ya alama hiyo, sehemu kubwa ilihesabiwa kuwa zawadi ya mfalme baada ya vita vya mfalme.

Mathieu wa Pili alifanywa Amiri Mkuu mwaka 1218. Ndoa yake na Emma wa Laval ilizaa tawi la Montmorency-Laval, lililokwenda njia zake magharibi mwa nchi. Humo ndimo alimozaliwa mwaka 1623 François de Laval, aliyeacha haki zake za urithi kwa mdogo wake, akawa askofu wa kwanza wa Quebec, na mwaka 2014 akatangazwa mtakatifu na Papa Francis.

Wana waliokataa wito

Katika karne ya 15 nyumba ilipasuka. Jean wa Pili wa Montmorency alimtumikia mfalme Louis wa Kumi na Moja, lakini wanawe wawili wa ndoa ya kwanza, Jean wa Nivelle na Louis wa Fosseux, walikuwa na mashamba ya mama yao upande wa Flanders. Wakajiunga na duke wa Burgundy, adui mkubwa wa mfalme. Baba aliwaita warudi, wakakataa. Akawanyima urithi, na kilima cha Montmorency kikaenda kwa Guillaume, mwana wa ndoa ya pili. Wafaransa bado wana msemo kuhusu mbwa wa Jean wa Nivelle, anayekimbia kila akiitwa.

Hawa wa Flanders walidhani wamejiepusha na mkono mzito wa mfalme wa Ufaransa. Wazao wao waliangukia mkono mzito zaidi. Philippe de Montmorency, bwana wa Horn, alikuwa mmoja wa wakuu wa Nchi za Chini waliopinga ukali wa Philip wa Pili wa Hispania. Alikuwa mwanachama wa Shirika la Ngozi ya Dhahabu, udugu wa heshima wa makabaila wakubwa, na alipokamatwa alishikilia kwamba mwanachama huhukumiwa na wenzake tu. Duke wa Alba, aliyetumwa na Philip, hakujali. Tarehe 5 Juni 1568 Horn alikatwa kichwa katika uwanja mkuu wa Brussels, siku moja na kabaila mwenzake Egmont. Ndugu yake Floris, bwana wa Montigny, alikuwa amepelekwa Hispania kama mjumbe. Mwaka 1570 alinyongwa kwa siri katika ngome ya Simancas, ikatangazwa kwamba amekufa kwa ugonjwa.

Hoja ya Horn mbele ya mahakama ile ndiyo imani ya ukoo mzima ikisemwa kwa lugha ya sheria: kwamba kuna heshima ambayo mfalme hawezi kuigusa peke yake. Alba aliijibu kwa upanga.

Anne, mtumishi wa wafalme watano

Guillaume, mrithi wa kilima, alipata mtoto wa kiume huko Chantilly tarehe 15 Machi 1493. Mama wa ubatizo alikuwa malkia Anne wa Bretagne, kwa hiyo mtoto akaitwa Anne. Alikua pamoja na kijana aliyekuja kuwa mfalme François wa Kwanza, wakapigana bega kwa bega huko Marignano mwaka 1515, na wakatekwa siku moja huko Pavia mwaka 1525. Mfalme alipokuwa mfungwa Hispania, Anne alikombolewa mapema, akashiriki katika mazungumzo ya kumrudisha nyumbani. Baadaye alisimamia malipo ya fidia kubwa ya dhahabu iliyowarudisha wana wawili wa mfalme waliokuwa mateka.

Majeshi ya Kaisari Charles wa Tano yalipovamia Provence mwaka 1536, Anne aliamuru nafaka ichomwe, visima viharibiwe na watu wahamishwe, ili adui akute nchi tupu. Mbinu hiyo ilifanikiwa, na wakulima wa Provence ndio waliolipa gharama yake. Mwaka 1538 alifanywa Amiri Mkuu. Mwaka 1541, sera yake ya kumpatanisha François na Kaisari Charles wa Tano ilipovunjika, mfalme alimfukuza. Aliyekuwa na funguo za nchi akarudi mashambani kwake kusubiri. François alipofariki mwaka 1547, Henri wa Pili alimrejesha siku zilezile, na mwaka 1551 akampa cheo cha duke.

Katika miaka yake ya neema na ya kufukuzwa, Anne alijenga. Kasri la Écouen, kaskazini mwa Paris, ni kazi yake. Katika ua wake zilisimamishwa sanamu mbili za watumwa zilizochongwa na Michelangelo, alizopewa na mfalme. Baadaye ziliangukia mikononi mwa Kadinali Richelieu, na leo ziko Louvre. Écouen yenyewe ni Makumbusho ya Taifa ya Mwamko wa Sanaa. Upande wa pili wa mtu huyu ni Bordeaux mwaka 1548. Watu wa kusini-magharibi waliasi kwa sababu ya kodi ya chumvi, na Anne akaadhibu mji ule kwa ukatili uliokumbukwa kwa vizazi. Kasri na ukatili vilitoka katika mkono mmoja, na wasifu wa kweli hauwezi kuchagua kimoja.

Nguvu aliyokuwa nayo tunaiona vizuri katika jambo la nyumbani. Mwanawe mkubwa, François, alikuwa amefunga ahadi ya ndoa kwa siri na binti mmoja wa ikulu, Jeanne de Piennes. Baba alitaka amwoe Diane, binti wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa. Mwaka 1557 ikatoka amri ya mfalme: vijana wa kiume walio chini ya miaka 30 na wa kike walio chini ya miaka 25 wasifunge ndoa bila ridhaa ya wazazi, na anayekiuka anyimwe urithi. François akamwoa Diane. Shida ya familia moja ikawa sheria ya kila familia Ufaransa.

Vita vya dini viliigawa familia hiyo. Dada yake Anne, Louise, alikuwa mama wa Gaspard de Coligny, aliyekuja kuwa kiongozi wa Waprotestanti. Mjomba alibaki Mkatoliki na kupigana na chama cha wapwa zake. Tarehe 10 Novemba 1567, akiwa na miaka 74, aliwaongoza askari wa mfalme katika uwanda wa Saint-Denis, karibu na abasia ambayo wahenga wake waliisumbua. Alijeruhiwa vibaya, akafariki Paris siku mbili baadaye. Alikuwa ametumikia wafalme watano.

Languedoc, na uwanja wa Toulouse

Henri, mwana wa pili wa Anne, alipewa ugavana wa Languedoc mwaka 1563. Jimbo lile la kusini lilikuwa mbali na Paris, lina Waprotestanti wengi, na lilihitaji mtu mwenye akili ya mapatano. Alipohisi ikulu inataka kumwangusha, Henri, ingawa alikuwa Mkatoliki, aliungana na Waprotestanti na kulitawala jimbo kama nchi yake. Watu walimwita mfalme wa Languedoc. Henri wa Nne alipopigania kiti cha enzi alijua thamani ya mtu huyu, na mwaka 1593 akamfanya Amiri Mkuu kama babaye. Safari hii Montmorency alikuwa amelazimisha mfalme aje kwake. Ushindi huo ulimlevya mwanawe.

Mwana huyo, Henri wa Pili, alizaliwa mwaka 1595, na baba yake wa ubatizo alikuwa mfalme Henri wa Nne mwenyewe. Alikuwa na sura nzuri, mkarimu, mlezi wa washairi, hodari vitani. Alirithi Languedoc, akawa mkuu wa jeshi la majini, na kwa miaka kadhaa alikuwa na cheo cha mwakilishi wa mfalme katika makoloni ya Ufaransa huko Amerika Kaskazini. Maporomoko ya Montmorency karibu na Quebec, yenye kimo cha mita 83, yalipewa jina hilo na mvumbuzi Champlain kwa heshima ya ukoo huu.

Mwaka 1624 mtafiti André Duchesne alitoa kitabu kikubwa cha nasaba ya nyumba ya Montmorency na Laval. Duchesne hakuridhika na hekaya. Alikusanya hati za mauzo ya ardhi, za sadaka kwa makanisa, mihuri na maandishi ya makaburini, akachapisha ushahidi wake ili msomaji apime mwenyewe. Njia hiyo ndiyo msingi wa elimu ya nasaba hadi leo. Ukoo ulikuwa sasa na utukufu uliothibitishwa kwa karatasi.

Ila Paris kulikuwa na Richelieu, waziri mkuu aliyeamini kwamba dola haiwezi kusimama ikiwa kila kabaila ana jeshi na sheria yake. Mwaka 1626 alimfanya Henri aachie ukuu wa jeshi la majini kwa malipo. Mwaka 1627 binamu wa tawi la Bouteville, aliyezoea mapigano ya watu wawili kwa panga, alipigana mchana kweupe katikati ya Paris licha ya amri mpya iliyokataza. Makabaila wakaomba asamehewe. Akakatwa kichwa.

Mwaka 1632 Gaston, ndugu wa mfalme Louis wa Kumi na Tatu, alianzisha uasi na kumwomba Henri ainue Languedoc. Kodi na mamlaka mapya ya Paris yalikuwa yamelichosha jimbo, na Henri mwenyewe alihisi kupuuzwa. Akakubali. Tarehe 1 Septemba, huko Castelnaudary, alishambulia mbele akiwa na watu wachache, akaanguka na farasi wake katikati ya adui, mwili umejaa majeraha. Gaston akafanya amani yake na mfalme. Henri akapelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Toulouse.

Dada yake, jamaa zake na watu wa mji waliomba rehema. Mfalme alikuwemo mjini humo humo, na hakulegea. Tarehe 30 Oktoba 1632, akiwa na miaka 37, Henri wa Pili de Montmorency alikatwa kichwa katika ua wa jumba la mji la Toulouse, chini ya sanamu ya Henri wa Nne, baba yake wa ubatizo. Hakuacha mtoto wa ndoa. Tawi kuu likaishia hapo.

Mjane wake, Marie-Félicie des Ursins, alijitenga katika monasteri ya Moulins, akamjengea mumewe kaburi la marumaru linalosimama mpaka leo, na mwishowe akala kiapo cha utawa. Mahakama ilimtangaza Henri kuwa mhaini. Kaburi lile linamwonyesha kama shujaa. Nikiyasoma maisha yake, naona kila upande una sehemu ya haki: aliinua silaha dhidi ya nchi yake, na aliyaweka rehani maisha yake kwa ajili ya ahadi ambayo wengine waliivunja.

Damu kwa upande wa kike

Vitabu vya nasaba vya zama zile vilifuata wanaume, ndiyo maana huandika kwamba tawi kuu lilikufa mwaka 1632. Damu yenyewe iliendelea kupitia dada yake Henri, Charlotte-Marguerite. Mwaka 1609, akiwa na miaka 15, uzuri wake ulimtia wazimu Henri wa Nne, aliyekuwa na miaka zaidi ya 50. Mfalme akapanga aolewe na mwanamfalme wa Condé, akitumaini mume huyo atakuwa mtiifu. Condé akamtorosha mkewe hadi Brussels. Baadaye Charlotte alimzaa Louis wa Bourbon, aliyeitwa Condé Mkuu, mmoja wa majemadari hodari kabisa wa kizazi chake. Chantilly, mahali alipozaliwa Anne, ilirudishwa kwa Charlotte mwaka 1643, ikakaa kwa akina Condé hadi tawi lao lilipokatika mwaka 1830.

Charlotte ndiye pia aliyemlea yatima wa yule Bouteville aliyekatwa kichwa. Mtoto alizaliwa miezi michache baada ya kifo cha babaye. Akakua, akaoa mrithi wa jina la Luxembourg, na kama Marshali wa Luxembourg akampatia Louis wa Kumi na Nne ushindi huko Fleurus mwaka 1690, Steenkerque mwaka 1692 na Neerwinden mwaka 1693. Bendera alizoteka zilitundikwa katika kanisa la Notre-Dame kwa wingi hadi Waparisi wakamwita mpamba-kuta wa kanisa hilo. Alimtumikia mwana wa mfalme aliyemuua baba yake. Kwa akina Montmorency, huo ulikuwa mwisho wa enzi ya kubishana.

Mwaka 1689 mfalme alibadilisha hata jina la mji. Uduke wa Montmorency, uliokuwa sasa mali ya Condé, ukaitwa Enghien. Kwa muda mrefu kilima kilichotoa jina la ukoo hakikuitwa jina hilo katika hati za serikali.

Nani mwenye jina?

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, sauti moja iliyotaka makabaila wavue vyeo ilitoka ndani ya nyumba hii. Mathieu de Montmorency-Laval, mbunge kijana aliyekwenda kupigania uhuru wa Marekani, aliunga mkono azimio la tarehe 19 Juni 1790 lililofuta ukabaila wa kurithi, na akataka nembo nazo ziondolewe. Tai kumi na sita wakawa haramu kwa kauli ya mmoja wa warithi wao. Miaka minne baadaye ndugu yake padri aliuawa kwa gilotini, na vivyo hivyo Marie-Louise de Montmorency-Laval, abesi wa mwisho wa Montmartre, mama mzee. Mathieu alibadilika, akawa mfuasi mkubwa wa wafalme, akafikia kuwa waziri wa mambo ya nje, na akafariki mwaka 1826.

Mwaka 1862 Raoul, duke wa Montmorency, alifariki bila mtoto. Mwaka 1864 Napoleon wa Tatu akatoa amri kwamba cheo hicho apewe Adalbert de Talleyrand-Périgord, ambaye mama yake alikuwa dada wa Raoul. Wanaume waliosalia wa nyumba hiyo walikwenda mahakamani kupinga jina lao kupewa mtu wa ukoo mwingine. Hawakufanikiwa kuizuia amri ya mtawala. Mwaka 1878 akafariki mwanamume wa mwisho wa nyumba hii nchini Ufaransa, na cheo kilichogawiwa kwa amri nacho kikakoma katikati ya karne ya 20.

Kesi hiyo ilitoa jibu la mwisho la sheria kwa ubishi ulioanza kwa Bouchard: jina la kikabaila lilikuwa mali ya aliye madarakani. Bouchard alipata kilima kwa hukumu, Mathieu akapata tai kwa vita vya mfalme, Anne alipanda na kushuka kwa neno la bwana wake, na Horn na Henri walipodai kwamba wanacho chao wenyewe, walilipa kwa shingo. Lakini mtawala yeyote aliyegawa au kunyang'anya cheo hicho hakuweza kuumba kile kilichokipa thamani. Napoleon wa Tatu alilitaka jina la Montmorency kwa ajili ya kipenzi chake kwa sababu miaka 850 ya watu waliopigana, waliojenga, waliodhulumu, waliosamehe na waliokufa nalo ilikuwa imelijaza maana. Hati ya cheo iliandikwa ikulu. Uzito wake waliutia wenye jina, wanaume kwa wanawake, na huo hakuna amri iliyoweza kuuhamisha.